Doha na kitendawili cha kupima kipaji

Makala ya historia kutoka kwa mtayarishaji wetu aliyeko Doha, Qatar

Kila mwaka vijana wengi wa Afrika Mashariki huambiwa na mtu mwenye saa mkononi na daftari kwapani kwamba wana kipaji, au hawana. Neno hilo moja huweza kumchukua kijana kutoka vilima vya Keiyo hadi ukingoni mwa Ghuba. Neno hilo hilo, likibainika baadaye kuwa halikuwa sahihi, huweza kumrudisha nyumbani akiwa na umri wa miaka kumi na minane, goti limeharibika na shule imempita.

Katika miongo miwili iliyopita, ni miji michache duniani iliyotumia fedha nyingi kama Doha kulitafuta jibu la swali lililo nyuma ya neno hilo. Je, inawezekana kumtazama kijana leo na kujua atakuwa nani baada ya miaka kumi? Qatar imelijibu swali hili kwa njia tatu tofauti, na kila njia imemgusa mtu wa Afrika Mashariki. Historia ya majaribio hayo inastahili kusimuliwa, kwani wapima vipaji wangali wanazuru Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Njia ya kwanza: kununua kilichokwisha kuiva

Qatar ni nchi ndogo, yenye raia wachache mno ikilinganishwa na wageni wanaoishi humo. Medali yake ya kwanza ya Olimpiki ilipatikana Barcelona mwaka 1992, wakati Mohamed Suleiman alipotwaa shaba katika mbio za mita 1,500. Baada ya hapo viongozi wa michezo wa nchi hiyo walitaka zaidi, na walitaka haraka.

Mwezi Agosti mwaka 2003 kijana wa Kikalenjin aliyeitwa Stephen Cherono alibadili uraia na jina, akawa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar. Hakuwa mgeni katika fani yake. Mwaka mmoja kabla, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Manchester, alikuwa ameipatia Kenya medali ya dhahabu katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Vyombo vya habari vya wakati ule viliripoti kwamba aliahidiwa dola elfu moja za Kimarekani kila mwezi kwa maisha yake yote.

Wiki chache baadaye, tarehe 26 Agosti, alisimama kwenye mstari wa kuanzia mjini Paris katika fainali ya mashindano ya dunia akiwa amevaa jezi ya rangi ya damu ya mzee ya Qatar. Katika fainali hiyo hiyo alikuwamo ndugu yake, Abraham Cherono, akiwa na jezi ya Kenya. Kaka yao mwingine, Christopher Kosgei, alikuwa ameipatia Kenya ubingwa huo huo wa dunia mwaka 1999 mjini Seville. Shaheen alishinda kwa muda wa dakika 8 na sekunde 4.39, akimwacha nyuma Ezekiel Kemboi wa Kenya. Dhahabu ambayo Wakenya walikuwa wameizoea kama mali ya ukoo ikaenda Doha.

Kenya haikusahau. Sheria ya Olimpiki ilimtaka mwanamichezo aliyebadili uraia asubiri miaka mitatu, isipokuwa nchi yake ya awali imwachie. Kenya ilikataa kumwachia, na Shaheen akakosa michezo ya Athens ya mwaka 2004, ambako Wakenya watatu walitwaa medali zote tatu za mbio hizo, Kemboi akiwa wa kwanza. Siku chache baada ya Athens, tarehe 3 Septemba, Shaheen alijibu kwa miguu mjini Brussels: dakika 7 na sekunde 53.63, rekodi mpya ya dunia. Rekodi hiyo ilidumu kwa karibu miaka kumi na tisa, hadi Lamecha Girma wa Ethiopia alipoivunja mjini Paris mwezi Juni mwaka 2023.

Tukipima kwa mizani ya mnunuzi, ununuzi ule ulikuwa na faida. Qatar ilipata mataji mawili ya dunia, la Paris na la Helsinki mwaka 2005, pamoja na rekodi moja ya dunia. Lakini tuangalie ni kitu gani hasa kilichopimwa. Kipaji cha Cherono kilikuwa kimekwisha kutambuliwa, kikalelewa na kukomazwa na wengine: familia yenye bingwa wa dunia ndani yake, vilima vya nyumbani, na ushindani wa Kenya ambako kupata nafasi katika timu ya taifa ni kazi ngumu kuliko kushinda mbio nyingi za Ulaya. Doha ililipia tunda. Mti ulibaki Keiyo.

Isitoshe, mkataba wa aina hii humweka mwanamichezo katika hali ya kutegemea hisani. Mfano ulio dhahiri ulitokea kwa majirani. Leonard Mucheru wa Kenya alikuwa amechukua uraia wa Bahrain na jina la Mushir Salem Jawher. Mwezi Januari mwaka 2007 alishiriki mbio za marathoni mjini Tiberias, Israel, akashinda. Wakuu wa Bahrain walitangaza kumvua uraia. Miguu iliyompa pasipoti ndiyo iliyomnyang'anya.

Mlango wafungwa

Soka nayo ilijaribiwa kwa njia hiyo hiyo. Mapema mwaka 2004 ilifahamika kwamba Qatar ilikuwa ikizungumza na Wabrazili waliokuwa waking'ara katika ligi ya Ujerumani, akiwemo Ailton wa Werder Bremen, ili waichezee timu yake ya taifa, ingawa hawakuwa na uhusiano wowote na nchi hiyo. Mwezi Machi mwaka huo shirikisho la soka duniani, FIFA, lilipitisha uamuzi wa dharura: mchezaji anayetaka kuichezea nchi mpya sharti awe na uhusiano wa dhahiri nayo, ama kwa kuzaliwa, ama kwa wazazi au mababu, ama kwa kuishi huko. Mwaka 2008 masharti ya ukaazi yaliongezwa makali, yakawa miaka mitano baada ya mchezaji kutimiza umri wa miaka 18.

Riadha ilichelewa, lakini nayo ilifika huko. Mwezi Februari mwaka 2017 shirikisho la riadha duniani lilisimamisha uhamisho wote wa uraia. Liliporuhusu tena mwaka 2018, liliweka masharti ya kusubiri miaka mitatu, kutohama kabla ya umri wa miaka 20, na kutohama zaidi ya mara moja.

Basi kununua kilichoiva kukawa kugumu. Ilibaki kutafuta mbegu.

Njia ya pili: wavulana laki nne

Mwaka 2004 Qatar iliunda chuo cha michezo cha Aspire. Mwaka uliofuata ukumbi wake mkubwa ulifunguliwa, uwanja kamili wa soka ukiwa chini ya paa na ubaridi, kando ya uwanja wa Khalifa. Pelé na Maradona walialikwa kwenye ufunguzi. Leo eneo hilo linatambulika kwa mnara wa mita 300 uliosimamishwa kwa ajili ya michezo ya Asia ya mwaka 2006, na wafanyakazi wa Kiafrika wanaopita hapo wakirudi zamuni huutumia kama alama ya njia.

Mwaka 2007 Aspire ilianzisha mpango ulioitwa Football Dreams. Aliyeuongoza alikuwa Josep Colomer, Mhispania aliyewahi kusimamia soka ya vijana katika klabu ya Barcelona. Katika mwaka wa kwanza walipimwa wavulana zaidi ya laki nne, wenye umri wa miaka kumi na mitatu, katika nchi saba za Afrika: Algeria, Cameroon, Ghana, Kenya, Nigeria, Senegal na Afrika Kusini. Nchi nyingine ziliongezwa baadaye, Tanzania na Uganda zikiwemo, na hata nchi za Asia na Amerika ya Kusini. Kwa muda wa takriban muongo mmoja, hesabu ya waliopimwa ilipita milioni tano.

Msikilizaji, tuliza fikra juu ya hesabu hiyo. Huenda haijapata kutokea, katika historia ya mchezo wowote, watoto wengi kiasi hicho wakapimwa na taasisi moja. Na waliobaki mwishoni mwa mchujo wa mwaka wa kwanza wangeweza kuenea katika basi moja.

Waliochaguliwa walipewa masomo, malazi na makocha, wengine Doha na wengine katika kituo cha Saly nchini Senegal. Mwaka 2012 Aspire ilinunua klabu ya KAS Eupen ya Ubelgiji, ili vijana hao wapate mahali pa kuanzia soka ya kulipwa. Klabu hiyo ilipanda hadi ligi kuu ya Ubelgiji mwaka 2016.

Je, matunda yalikuwa yapi? Yapo, na si haki kuyaficha. Diawandou Diagne wa Senegal alisajiliwa na kikosi cha pili cha Barcelona mwaka 2014. Henry Onyekuru wa Nigeria alifunga mabao mengi Eupen hadi Everton ya Uingereza ikamsajili mwaka 2017. Kipa Francis Uzoho alilinda lango la Nigeria katika Kombe la Dunia la mwaka 2018, na katika mashindano hayo hayo Moussa Wagué aliifungia Senegal dhidi ya Japan, kisha akajiunga na Barcelona. Tuone pia kwamba hao waliichezea nchi zao za kuzaliwa, na kwa hivyo waliohofia kwamba mpango wote ulikuwa mtego wa uraia hawakuthibitishwa na majina haya.

Hata hivyo, katika mamilioni waliopimwa, hakutokea mchezaji hata mmoja aliyefikia daraja la Samuel Eto'o, Didier Drogba au Yaya Touré. Mohamed Salah na Sadio Mané, Waafrika wawili waliotawala soka ya Ulaya katika muongo uliofuata, walipitia njia nyingine kabisa. Wavu ulikuwa mpana kuliko wowote uliowahi kutupwa, na bado samaki wakubwa walipita kando.

Kwa nini?

Somo kutoka Marekani

Ili kulijibu swali hilo, inafaa kutazama nchi ambayo imeifanya kazi ya kupima vipaji kuwa sayansi, biashara na tamasha kwa wakati mmoja.

Katika Mji wa Elimu hapa Doha, chuo kikuu cha Texas A&M cha Marekani kilifungua tawi mwaka 2003, mwaka ule ule wa Shaheen. Wanafunzi wa tawi hilo husomea uhandisi, lakini Wamarekani wengi wanakijua chuo mama kwa jambo lingine: kandanda la Kimarekani, ule mchezo wa mpira wa umbo la yai. Humo wamelelewa wawili miongoni mwa wachezaji mashuhuri wa nafasi moja maalumu. Von Miller alichaguliwa wa pili nchi nzima mwaka 2011, na Myles Garrett wa kwanza kabisa mwaka 2017.

Nafasi yenyewe ni ya mlinzi anayesimama pembezoni mwa safu. Kazi yake ni kuizunguka ngome ya wapinzani, kumfikia mrushaji mpira na kumwangusha kabla hajaurusha. Huhitaji mwili wa mbeba magunia na mbio za mkimbiaji wa mita mia. Watu wenye vyote viwili ni adimu, na kwa hiyo hulipwa fedha nyingi mno.

Ligi ya kulipwa ya Marekani, NFL, imekuwa ikiwachagua wachezaji wa vyuo kwa zamu tangu mwaka 1936. Tangu miaka ya 1980 wanaotarajiwa hukusanywa mahali pamoja, kwa miaka mingi sasa mjini Indianapolis, wakapimwa kama ng'ombe wa mnada: urefu, uzito, urefu wa mikono, mbio za yadi 40 ambazo ni kama mita 36 na nusu, kuruka juu, kuruka mbele, na kunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi kadiri mtu awezavyo. Tukumbuke kwamba hawa ni vijana wa miaka 21 au 22, si watoto. Wana miaka mitatu au minne ya mechi zilizorekodiwa kwenye video, na kila klabu ina jeshi la wapimaji wanaolipwa kwa kazi hiyo tu.

Na bado hukosea. Mwaka 2008 Vernon Gholston wa chuo cha Ohio State alikuwa mfano kamili wa mlinzi wa pembeni. Katika msimu wake wa mwisho chuoni aliwaangusha warushaji mara 14. Katika vipimo alinyanyua kile chuma mara 37, na mbio zake zilikuwa za kutisha kwa mtu wa umbo lake. New York Jets walimchukua akiwa wa sita. Alikaa nao misimu mitatu, na katika misimu hiyo hakumwangusha mrushaji hata mmoja. Sufuri.

Miaka mitano kabla, Terrell Suggs wa Arizona State alikuwa ameweka rekodi ya vyuo kwa kuwaangusha warushaji mara 24 katika msimu mmoja. Alipopimwa mbio, akaonekana mzito. Timu tisa zilichagua watu wengine kabla Baltimore Ravens hawajamchukua. Alipoacha kucheza alikuwa amewaangusha warushaji mara 139 na kutwaa ubingwa wa ligi mara mbili.

Kisha yuko Ezekiel Ansah wa Ghana. Alifika chuo cha Brigham Young, jimbo la Utah, mwaka 2008 akitamani kucheza mpira wa kikapu, akakataliwa. Akajaribu riadha. Mwaka 2010 ndipo alipoingia kwenye kandanda la Kimarekani, akiwa hajui hata namna ya kuvaa zile kinga za mwilini. Miaka mitatu baadaye, akiwa na kilo karibu 123 na mbio za yadi 40 kwa sekunde 4.63, Detroit Lions walimchagua wa tano katika nchi nzima. Msimu wa mwaka 2015 aliwaangusha warushaji mara 14 na nusu.

Mwaka huo huo wa 2013, Indianapolis Colts walimsajili Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuwa akicheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand. Hakuwahi kucheza mchezo wao hata mara moja. Walimwona ana urefu, nguvu na mbio, wakaamua kumgeuza mlinzi wa pembeni. Mwezi Desemba mwaka 2013 aliingia uwanjani dhidi ya Cincinnati Bengals, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Alicheza mechi chache tu, na mwaka 2015 klabu ikamwachia.

Ansah na Adongo walipimwa kwa wazo moja: chukua mwili wa ajabu, ufundi utafuata. Kwa mmoja ufundi ulifuata. Kwa mwingine haukupata muda wa kufuata. Mlinzi wa pembeni anayefaulu huishi kwa mambo ambayo saa haiyapimi: kusoma nia ya mpinzani kwa mguu anaoutanguliza, kubadili mbinu katika nusu ya sekunde, na kurudi tena na tena baada ya kuzuiwa mara thelathini katika mechi moja.

Sasa turudi Doha. Ikiwa Wamarekani, wakiwa na mtu mzima wa miaka 22 na video za miaka minne, hukosea kiasi hiki, ni nani awezaye kumpima mtoto wa miaka kumi na mitatu kwenye uwanja wa vumbi asubuhi moja?

Umri, mwili na cheti cha kuzaliwa

Kuna tatizo jingine ambalo Wamarekani hawalo kwa kiasi chetu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu yuko mlangoni mwa balehe. Wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kutofautiana kimo kwa kichwa kizima. Aliyetangulia kukua huonekana na nguvu, mbio na ujasiri, na mpimaji huandika jina lake. Baada ya miaka minne mwenzake amemfikia, lakini daftari limekwisha kufungwa.

Mwaka 1985 watafiti wa Canada, Roger Barnsley na wenzake, walionyesha kwamba miongoni mwa wachezaji bora wa mpira wa magongo wa barafuni, waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi, na waliozaliwa miezi ya mwisho walikuwa wachache. Sababu haikuwa nyota. Makundi ya watoto huko hugawanywa kuanzia Januari Mosi, kwa hiyo mtoto wa Januari hushindana na mtoto wa Desemba kana kwamba ni rika moja. Mkubwa huchaguliwa, hupewa kocha bora na mechi nyingi, na baada ya miaka kadhaa anakuwa bora kweli. Kipimo chenyewe kimemtengeneza.

Huko kwetu jambo hili huongezewa chumvi na udanganyifu wa umri. Pale ambapo vyeti vya kuzaliwa ni vichache au hununuliwa, kijana wa miaka kumi na sita anaweza kusimama kwenye mstari wa miaka kumi na mitatu, na mpimaji akadhani amegundua lulu. FIFA ilianza kutumia picha za mifupa ya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, lakini uwanja wa kijijini hauna mashine hiyo. Anayeumia zaidi hapa ni mtoto mkweli: yule mdogo wa mwili, mwenye akili ya mpira, ambaye umri wake ndio huo alioutaja.

Njia ya tatu: waliolelewa nyumbani

Kinyume na ilivyotarajiwa, mafanikio makubwa kuliko yote ya Aspire yalitokana na vijana ambao hawakuhitaji kutafutwa mbali.

Mutaz Barshim alizaliwa Doha, kwa baba mwenye asili ya Sudan ambaye naye alikuwa mwanariadha. Alisoma Aspire na kukuzwa pole pole katika mchezo wa kuruka juu. Mwaka 2014 mjini Brussels aliruka mita 2.43. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2017, mwaka 2019 hapa hapa Doha, na mwaka 2022. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, aligawana dhahabu na rafiki yake Gianmarco Tamberi wa Italia.

Katika soka, Qatar ilitwaa Kombe la Asia mwaka 2019 kwa kikosi kilichojaa wahitimu wa Aspire. Almoez Ali, mzaliwa wa Sudan, alifunga mabao tisa, rekodi ya mashindano hayo. Pembeni yake alicheza Akram Afif, aliyezaliwa Doha. Wasikilizaji wetu wa Tanzania watafurahi kujua kwamba baba yake, Hassan Afif, mchezaji wa zamani mwenye asili ya Kisomali, alizaliwa Tanzania. Akram alipitia Eupen, na mwaka 2016 akawa Mqatari wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Hispania. Tarehe 10 Februari mwaka 2024, katika fainali ya Asia dhidi ya Jordan, alifunga penalti tatu na Qatar ikaukomboa ubingwa wake kwa mabao 3-1.

Tusiifanye hadithi hii kuwa tamu kuliko ilivyo. Kikosi hicho hicho, katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 lililofanyika nyumbani, kilipoteza mechi zote tatu na kutolewa mapema. Lakini kwa nchi yenye raia wachache kiasi hiki, kuwa bingwa wa bara mara mbili mfululizo si jambo la kubahatisha. Tofauti kati ya njia hii na ile ya wavulana laki nne iko kwenye muda. Mpimaji wa Football Dreams alimwona mtoto kwa saa chache, kisha akaamua. Mwalimu wa Barshim alikuwa naye mwaka hadi mwaka, na angeweza kubadili mawazo kesho yake bila kumvunjia mtu ndoto.

Afrika Mashariki inalijua jambo hili bila kufundishwa. Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika shule ya St. Patrick's mjini Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha. Alikaa. Aliwaona wavulana darasani, bwenini na njiani, wakishinda na wakishindwa, na kwa miongo kadhaa mabingwa wametoka mikononi mwake. David Rudisha, ambaye baba yake alikuwa amepata medali ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti huko Mexico mwaka 1968, alimjia akiwa mkimbiaji wa mita 400. O'Connell ndiye aliyeona kwamba umbali wake ni mita 800. Mwaka 2012 mjini London, Rudisha alikimbia umbali huo kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia.

Nani hulipa kipimo kikikosea?

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. New York Jets walipokosea juu ya Gholston, walipoteza fedha. Gholston mwenyewe alikuwa mtu mzima, amefika chuo kikuu, na alilipwa vizuri. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyetolewa Kisumu au Tanga hana akiba hiyo. Akiachwa akiwa na miaka kumi na minane, anarudi kwa wazazi waliokwisha kutangaza kijijini kwamba mwanao atajenga nyumba ya ghorofa.

Sheria zipo. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinakataza mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi hadi nchi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na mwaka 2014 hata Barcelona iliadhibiwa kwa kuzivunja. Lakini wakala wa uongo, anayekusanya nauli kwa wazazi na kutoweka, hasomi kanuni. Na wapimaji halali nao wanazidi kuja. Ligi ile ya Marekani ya NFL ilianza kambi zake za vipaji barani Afrika nchini Ghana mwaka 2022, na mwaka 2023 ikafika Nairobi. Kina Adongo wa kesho wanatafutwa.

Ijumaa jioni, katika viwanja vya wazi vya Doha, Wakenya, Waganda na Watanzania hucheza mpira baada ya wiki nzima ya ulinzi wa majengo, udereva na kazi za hoteli. Miongoni mwao wamo waliowahi kuambiwa, wakiwa watoto, kwamba wana kipaji. Ukiwauliza, wengi hawalalamikii kuachwa. Wanachokilalamikia ni kwamba aliyewachagua hakuwaambia mapema kwamba wengi wa waliochaguliwa huachwa, na kwamba shule ilikuwa imesimamishwa wakingoja.

Kwa hiyo mzazi anayetembelewa na mpima vipaji, awe ametoka Doha, Ulaya au Marekani, ana haki ya kuuliza maswali yasiyohitaji utaalamu wowote wa michezo. Mtoto atasoma shule gani, na atapata cheti gani? Akiumia, nani atamtibu, na kwa muda gani? Pasipoti itawekwa na nani? Akiachwa, tiketi ya kurudi italipwa na nani, na ni nani atakayempokea? Na katika wale kumi waliochaguliwa kabla yake, wako wapi leo wale tisa ambao majina yao hayatajwi?

Mpimaji mwaminifu atakuwa na majibu. Asiyekuwa nayo aandikiwe kwenye daftari lake mwenyewe kwamba hakufaulu.

Makala haya yametayarishwa na kusomwa kutoka Doha. Wasikilizaji wenye habari za vijana waliopitia vipimo vya aina hii, waliofaulu na walioachwa, wanakaribishwa kutuandikia.